Forester ya TD04, busti psi 18, karatasi ya daino inasema farasi 330. Tuambizane ukweli

Isevya_Boksa:
Wakuu salama. Kuna Subaru Forester SG5 ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), manyuo, inauzwa, mwenye nayo yupo Arusha na mimi nipo Tabora. Bei yake imezidi Forester zote nilizowahi kuulizia na sababu anayotoa ni karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), kwamba gari ilipelekwa Nairobi ikapimwa ikatoa hp (farasi) 330 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 420. Tabo ni ile ile TD04 ya kiwandani, kilichofanyika ni rimapu (kupanga upya kompyuta ya injini), eksozi kubwa na busti (presha ya hewa ya tabo) kupandishwa hadi psi 18. Sasa hii injini ya EJ205 kwenye Forester ya soko la Japani inatoka kiwandani na farasi 220. Nasema wazi, psi 18 kwa tabo ndogo vile haiwezi kukupa farasi 110 za nyongeza, karatasi inadanganya hata kama muuzaji mwenyewe hadanganyi. Wanaojua waje, na wanaobisha waje na hesabu.

Gungu_JZ:
Kigoma tupo. Mbona kawaida tu mkuu, Toyota Mark II za injini ya 1JZ zinapandishwa busti kidogo na zinaruka mbali na namba ya kiwandani. Namba za Wajapani nazo sio za kuamini, wale walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza gari inayozidi farasi 280 na yaliendelea hadi 2004, gari zingine zilikuwa zinazidi na wanaandika 280 hiyo hiyo. Kwa hio hata 220 yako inawezekana ni zaidi.

Isevya_Boksa:
@Gungu_JZ makubaliano yalikuwa ya 280, gari ya 220 ilikuwa na nafasi ya farasi 60 kabla ya kugusa dari, wangeificha kwa sababu gani?

Gungu_JZ:
Sawa hapo umenishika, ila hoja ya busti kuleta nguvu bado ipo palepale.

TichaCheyo:
Habari zenu. Nafundisha fizikia hapa Tabora, hili jambo linanigusa maana watu wanataja psi kama vile ni kitu kimoja kila mahali. Busti ya kwenye geji ni presha iliyo JUU ya hewa ya nje. Injini haijui geji, inajua jumla, yaani hewa ya nje ukijumlisha busti. Pwani hewa ya nje ni kPa 101 hivi. Sisi Tabora tupo mita 1,200 hivi, hewa yetu ni kPa 88 hivi. Kigoma kandokando ya ziwa ni mita 770 na kitu, kPa 92 hivi. Nairobi iko juu zaidi, karibu kPa 83.

Sasa psi 18 ni kPa 124. Dar injini inapata 101 na 124, jumla 225. Tabora inapata 212. Nairobi inapata 207. Geji zote tatu zimesoma 18 na injini zimekula hewa tofauti. Tukirudi kwa Forester, tuseme kiwandani inasukuma psi 12 hivi, pwani hio ni jumla ya kPa 184. Ukipeleka 225 umeongeza hewa asilimia 22, na nguvu inafuata hewa, 220 mara 1.22 ni 268. Na hapo sijatoa hasara ya joto la hewa iliyogandamizwa. Ili ufike 330 kwa mtindo huo unahitaji jumla ya kPa 276, ambayo kwa Nairobi ni busti ya psi 28. TD04 haipo huko kabisa.

Malagarasi Express:
Ticha nimekuelewa kuliko nilivyowahi kuelewa darasani 😂 sasa swali, kwani hewa nyepesi tabo haizunguki haraka zaidi ikafidia? Nilisikia tabo haijali mwinuko.

TichaCheyo:
@Malagarasi Express inafidia ikiruhusiwa. Ila wesigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo) yenye springi inapima tofauti ya busti na hewa ya nje, kwa hio itafungua kwa psi zile zile popote ulipo na fidia inaishia hapo, labda kompyuta ya gari iamue kuibana zaidi. Na ikiibana gharama ipo. Dar kupata jumla ya kPa 225 tabo inagandamiza hewa mara 2.2. Tabora kupata 225 hio hio inabidi igandamize karibu mara 2.6. Hapo inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka na joto zaidi, na tabo ndogo kwenye rpm za juu inaanza kupuliza moto tu badala ya hewa.

FundiKatubuka:
Mimi siendi mbali na fizikia naenda kwenye nozeli (zinazomwaga petroli kwenye injini). Muulize huyo mtu wa Arusha nozeli ni za cc ngapi. Kama ni za cc 440 kama za Impreza WRX, zipo nne, ukizitumia asilimia 80 zinamwaga cc 1,400 hivi kwa dakika, hio ni kama kilo moja ya petroli kwa dakika. Injini ya tabo ikiwa kwenye mzigo mzito inamwagiwa mafuta mengi zaidi ili isigonge (petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda), kwa ulaji huo kilo moja kwa dakika inakuletea farasi 230 hadi 250. Ukizibana hadi mwisho labda 290 hadi 310. Farasi 330 kwa nozeli hizo maana yake injini imekauka mafuta na pistoni ingekuwa imeshatoboka zamani. Hewa unaweza kubishana nayo, mafuta huwezi.

Isevya_Boksa:
@FundiKatubuka nimemuuliza sasa hivi anasema nozeli hazijaguswa, pampu tu ndo imebadilishwa.

FundiKatubuka:
Basi.

Gungu_JZ:
"Basi" ya nini fundi, presha ya mafuta ikiongezwa kwenye regyuleta nozeli hio hio inamwaga zaidi. Na pampu imebadilishwa, umesoma?

FundiKatubuka:
@Gungu_JZ inaongezeka lakini sio kwa uwiano ule ule. Ukizidisha presha mara mbili mafuta yanaongezeka mara 1.4 tu. Na nani amesema regyuleta imeguswa? Pampu kubwa peke yake haiongezi kinachotoka kwenye nozeli kama presha imebaki ile ile, inachosaidia ni presha isishuke mzigo ukiwa mzito.

Mama Impreza:
Kaka zangu mnabishana na karatasi wakati kipimo kipo mfukoni. Mimi naendesha Impreza WRX hapa Tabora, injini EJ205 hio hio, tabo hio hio, na nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinatuma data kwenye simu kwa bluetooth. Kuna sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, inasoma gramu kwa sekunde. Kanuni tunayotumia ni gramu moja kwa sekunde inabeba farasi 1.25 hadi 1.3 kwenye injini ya petroli yenye tabo. Na uzuri wake ni uzito, kwa hio mwinuko umeshaingia humo humo.

Asubuhi mapema barabara ya kwenda Nzega ikiwa haina mtu, mdogo wangu kashika simu, gia ya tatu kutoka rpm 3,000 hadi 6,000, namba ya juu ilikuwa gramu 172 karibu na rpm 5,800. Hio ni farasi 215 hadi 224. Gari yangu ina eksozi kubwa na busti imepanda kidogo. Kufika 330 unahitaji gramu 255 na zaidi. Mwambie muuzaji akutumie video ya simu ikisoma hio namba, haimgharimu kitu.

Malagarasi Express:
Dada hapa umemaliza uzi.

Ng'ambo Rimapu:
Haujaisha. @Mama Impreza nakuheshimu ila hio sensa inapima hewa kulingana na upana wa bomba ilimokaa. Mtu akibadilisha bomba la hewa akaweka pana zaidi, sensa itasoma pungufu au ovyo mpaka atakayetyuni arekebishe kwenye kompyuta. Na wapo wanaorekebisha kwa kukisia. Kwa hio gari ikisoma gramu 255 sio lazima ziwepo, na ikisoma 172 sio lazima ziwe 172. Yako kama bomba na boksi la filta ni vya kiwandani naiamini.

Mama Impreza:
Ni vya kiwandani vyote, filta tu ndo mpya. Asante kwa nyongeza, sikuwa nimelitaja hilo.

Isevya_Boksa:
Wakuu amenitumia picha ya karatasi. Nimeivuta mpaka chini kabisa kuna maandishi madogo yameandikwa SAE halafu 1.25. Joto digrii 25. Hio 1.25 ni nini?

TichaCheyo:
Hapo sasa. Hio ni koreksheni. Daino inapima nguvu halisi ya siku ile halafu programu inazidisha ili ionekane kama gari ingepimwa kwenye hewa ya kawaida ya pwani. Koreksheni ya SAE J1349 inarudisha kwenye digrii 25 na hewa kavu ya kPa 99. Kwa mwinuko wa Nairobi inakuja 1.25 hivi, kwa Tabora ingekuwa kama 1.18. Shida ni kwamba hesabu ile imetengenezwa kwa injini isiyo na tabo, ambayo kweli hewa ikipungua robo nayo inapungua karibu robo. Injini ya tabo yenye psi 18 kule Nairobi imepungukiwa asilimia 8 au 9 tu, nimeshaonyesha juu, 207 kwa 225. Programu ikaizawadia asilimia 25.

Gawanya 330 kwa 1.25. Unapata 264.

Malagarasi Express:
Na Ticha alisema 268 kabla hata karatasi haijaja 🙌

Gungu_JZ:
Hapana ngojeni, msifunge kesi. 264 ni ya Nairobi bila koreksheni. Kwa maneno ya Ticha mwenyewe pwani ingepata nyongeza ya haki ya asilimia 9, hio ni 288. Hesabu ya Ticha ilisema pwani ni 268 na hapo hajatoa joto. Kwa hio gari imezidi hesabu yenu kwa farasi 20. Mnaelezaje?

TichaCheyo:
Swali zuri na sina jibu moja. Psi 12 ya kiwandani nimeikadiria, ikiwa chini ya hapo uwiano unapanda. Eksozi kubwa nayo inaongeza nguvu bila kugusa busti. Na kule juu eksozi inatoa kirahisi kwa sababu hewa ya nje haisukumi sana.

Ng'ambo Rimapu:
Au jibu ni rahisi zaidi, muulize hio 330 ni ya kwenye tairi au ya kwenye kranki, yaani kwenye injini yenyewe. Daino za rola zinapima kwenye tairi. Ili ipatikane ya kranki ama mashine inaacha gari iserereke na kupima upotevu, ama opareta anaandika tu asilimia kwa kichwa chake, 15, 20, 25, Subaru ya 4WD ndo wanaipendelea kwa asilimia kubwa. Kama kaandika 25 basi namba yote ni makadirio juu ya makadirio. Mimi nimesimama pembeni ya daino Dar nikaona opareta anamuuliza mteja "tukuwekee asilimia ngapi?" na mteja anachagua.

Mama Impreza:
Mteja anachagua?? Yesu wangu.

Ng'ambo Rimapu:
Anachagua dada. Na hapo sijagusa aina za mashine. Ile ya kusukuma dramu zito tu inasoma juu kuliko yenye breki ya kubebesha mzigo, gari hio hio siku hio hio. Upepo wa tairi, mikanda ilivyokazwa, gia uliyotumia, feni ya mbele. Forester intakula yake (kipoza hewa ya tabo) iko juu ya injini inapumua kwa tundu la boneti, kwenye daino bila feni ya maana run ya tatu imeshapoteza nguvu. Ndo maana mimi namwamini mtu mwenye namba mbili za mashine moja, kabla na baada, bila koreksheni, kuliko mwenye namba moja kubwa.

Reli ya Kati:
Napita tu ila nimeangalia picha aliyoweka mleta uzi. Kwenye grafu mstari wa busti unaanza 18 kwenye rpm 3,500 halafu unashuka mpaka 13 ukifika 5,600. Lakini mstari wa toki umelala flati Nm 420 kuanzia 4,000 mpaka 5,600. Inawezekanaje hewa ipungue na toki ibaki? Nimepiga hesabu, Nm 420 kwa rpm 5,600 ni hp 330 kweli, kwa hio namba ya juu imetoka pale ambapo busti ni psi 13. Psi 13 ni karibu na busti ya kiwandani.

Isevya_Boksa:
@Reli ya Kati duh, hilo sikuliona na picha niliiweka mimi.

Gungu_JZ:
Grafu inaweza kuwa imelainishwa. Programu zina kitufe cha kulainisha mistari, ukiweka juu kabisa kila kitu kinakuwa flati.

FundiKatubuka:
Kwa hio sasa unakubali karatasi imepambwa?

Gungu_JZ:
Nakubali imelainishwa, sijakubali gari ni mbovu. Farasi 264 bado ni Forester kali sana na wote mnaibeza.

Kasulu Kruza:
Samahani naingilia, nina Land Cruiser 80 ya 1HD-T ya dizeli, kuna fundi hapa aliniambia atanigusia pampu na kupandisha busti gari ipande milima kirahisi. Hesabu hizi zinanihusu?

FundiKatubuka:
@Kasulu Kruza zinakuhusu kwa upande wa hewa ila dizeli ni kinyume. Petroli ukizidisha hewa bila mafuta unaua injini. Dizeli nguvu inatoka kwenye mafuta, ukizidisha mafuta bila hewa unapata moshi mweusi na joto la eksozi linapanda, ukizidisha hewa bila mafuta inapoa tu. Kwa hio usiguse skrubu ya pampu kabla hujafunga geji ya joto la eksozi kabla ya tabo. Ikizidi digrii 700 hivi mlimani kwa muda mrefu, punguza mguu. Nyie mnapanda kutoka ziwani mpaka Kasulu na mzigo, huko ndo pistoni zinayeyuka, na nimefungua za namna hio.

Kasulu Kruza:
Shukrani fundi, geji kwanza.

Mzee wa Kitete:
Vijana, nawasoma tangu mwanzo. Mnaongelea hewa na karatasi, hakuna aliyeuliza hio rimapu ilifanywa kwa petroli gani. Japani gari hizi zilikuwa zinanyweshwa petroli ya daraja la juu, oktani 100 kwenye pampu zao nyingi. Mtu akityuni mjini kwenye sheli anayoiamini halafu gari ikaletwa huku ikajazwa mafuta ya kwenye madumu barabarani, ile taimingi (wakati wa kupiga cheche) haitavumilika. Mwanangu alinunua Impreza iliyotyuniwa mbali, karatasi nzuri. Injini ikaanza kugonga ikipanda na abiria, kwenye redio hausikii. Pistoni ya silinda ya 4 ikavunjika ukingo unaoshika ringi, kipande chembamba kama ukucha tulikikuta kwenye sampu (beseni la oili). Gereji iliyotyuni ikasema karatasi yao inaonyesha gari ilikuwa nzima siku ilipoondoka kwao. Na ni kweli inaonyesha hivyo. Daino inakupa nguvu ya sekunde kumi, haikupi usalama wa injini safari nzima ya mchana wa Oktoba.

Mama Impreza:
Pole sana mzee. Ndo maana mimi naangalia pia namba ya kompyuta kurudisha taimingi nyuma, ikianza kurudisha naachia mguu.

TichaCheyo:
Shikamoo mzee. Hoja ya joto ni kubwa. Hewa ya digrii 30 ikigandamizwa mara 2 inatoka kwenye tabo kama digrii 125, ikigandamizwa mara 2.3 inakaribia 146. Intakula ndogo ya juu ya injini inabeba tofauti hio yote.

Mzee wa Kitete:
Marahaba mwalimu.

Isevya_Boksa:
Jambo lingine, muuzaji anasema geji yake inasoma 18 akiwa Arusha na anadhani nikija nayo Tabora itasoma 18 hio hio. Geji ni ya kidijitali, inachukua data kwenye kompyuta.

Ng'ambo Rimapu:
Washa swichi bila kuwasha injini uone inasoma ngapi. Ikisoma sifuri ujue kwenye jumla inapunguza hewa halisi ya pale. Ikisoma karibu psi 2 chini ya sifuri ukiwa Tabora ujue inapunguza 101 ya pwani kwa kukariri, kwa hio ikikuonyesha 16 tabo inasukuma karibu 18 juu ya hewa yetu. Watu wanapandisha busti "ifike namba" bila kujua tabo imeshalemewa. Geji za mrija hazina ugonjwa huo ila nazo nyingi za bei rahisi zinadanganya kivyake.

TichaCheyo:
Hapo naongezea kidogo, kwa afya ya tabo angalia busti juu ya hewa ya nje, kwa nguvu ya injini angalia jumla. Geji ya kukariri sio mbaya kama unajua inakariri, kwa maana nyingine yenyewe ndo inakuambia ukweli wa nguvu.

Ng'ambo Rimapu:
Sikubaliani Ticha, dereva wa kawaida anaangalia geji ili asiue tabo, sio ili ajue nguvu.

Gungu_JZ:
Hapa leo namuunga mkono Rimapu. Na mleta uzi, mwambie jamaa ashushe bei kwa farasi 264, mimi ningeichukua.

Isevya_Boksa:
Nimemwambia. Kasema 330 ndo karatasi inavyosema na kuna mteja mwingine. Ila kakubali gari ipimwe hewa kwa simu mbele ya mtu ninayemwamini pale Arusha. @Mama Impreza naomba jina la programu unayotumia PM.

Mama Impreza:
Nakutumia. Mwambie aangalie bomba la hewa kwanza kama ni la kiwandani kabla ya kusoma chochote, na apige picha boksi la filta.

Reli ya Kati:
Na aweke busti na gramu kwenye skrini moja, tuone 18 inashikilia mpaka rpm ngapi.

FundiKatubuka:
Na namba iliyoandikwa kwenye nozeli. Naisubiri hio kuliko video.